Zimwi Limepewa Kusema: Tamthilia za Fantasia na Urithi wa Gothiki

  Nawashukuru vijana niliowakuta mlangoni wakibishana nani mkatili zaidi kati ya Lestat na Armand, wanyonya damu wa tamthilia ya Interview with the Vampire. Ubishi wenu ni wa maana kuliko mnavyodhani, na nitaurudia kabla hatujaachana.

Nia yangu leo ni kuonyesha kwamba tamthilia za fantasia tunazozitazama kwenye luninga na kwenye simu zimerithi hadithi ya Ulaya yenye umri wa zaidi ya miaka 250, na zimeigeuza palepale penye moyo wake. Zimempa zimwi nafasi ya kusema, kisha zimemkalisha kitini ahojiwe. Huko kusema kuna historia ndefu, nami nitaipitia. Huko kuhojiwa ni kupya, na ndiko kulikonifanya nikubali mwaliko huu.

Istilahi mbili kwanza, ili tusipotezane njiani. Gothiki ni jina lililotokana na Wagothi wa kale. Waingereza wa karne ya 18 walilitumia kwa mambo ya zama za kati, yaani makasri, makanisa ya matao yaliyochongoka, na makaburi ya chini kwa chini. Ulimbwende, wanafunzi mnaujua kutoka darasani: ni ule mwamko wa mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 uliouweka moyo wa mtu mmoja, na hisia zake, na upweke wake, katikati ya kazi ya sanaa. Ninaposema gothiki ya kilimbwende nina maana ya mahali vitu hivyo viwili vilipokutana: jumba la kale lenye siri, na ndani yake moyo unaoungua.

Hoja ya kwanza: mwanzo wake ni mali ya dhuluma

Desemba 1764, Horace Walpole, mwana wa Robert Walpole aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Uingereza, alitoa kitabu kiitwacho The Castle of Otranto. Hakuweka jina lake. Alisingizia kwamba ni tafsiri ya maandishi ya zamani ya Kiitaliano, na kilipopendwa ndipo mwaka 1765 akajitaja, akakiita hadithi ya kigothiki. Kinaanza kwa tukio ambalo mtu hulisoma mara mbili kuhakikisha hajakosea: siku ya harusi yake, kijana Conrad anapondwa na kofia ya chuma kubwa kupita kimo, iliyoangukia uani bila mtu kujua imetoka wapi.

Kwa nini afe? Kwa sababu babu wa baba yake, mtumishi aliyeaminiwa, alimtilia sumu mwenye kasri na kujitwalia enzi. Mizuka yote ya kitabu hicho inadai kitu kimoja: mali irudi kwa wenyewe. Mnaona? Tunapolitaja neno gothiki tunawaza popo na mishumaa, lakini tangu ukurasa wa kwanza jambo lenyewe lilikuwa urithi. Nani aliipata nyumba hii, na kwa njia gani?

Ann Radcliffe, mwaka 1794, aliliendeleza swali hilo katika The Mysteries of Udolpho. Binti Emily anafungiwa kasrini na Montoni, mume wa shangazi yake. Taa zinazimika, muziki unasikika usiku, kuna pazia jeusi ambalo msomaji hulisubiri kwa kurasa nyingi sana. Hatimaye kila kitu kinapewa sababu ya kawaida. Nyuma ya pazia hapakuwa na maiti, palikuwa na sanamu ya nta. Kilichobaki kuwa cha kweli ni tamaa ya Montoni, anayetaka binti aweke saini na kuyaachia mashamba yake. Wale mliosoma Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, uliochapishwa mwaka 1960, mnaujua mwendo huo: mzimu unatajwa, watu wanaogopa, na Bwana Msa anauliza maswali mpaka anamfikia binadamu. Sidai kwamba mwandishi wetu alimsoma Radcliffe. Nasema kwamba hofu ya mizimu na hila za watu ni majirani wa zamani, hapa na kule.

Hoja ya pili: zimwi lilipewa ulimi, kisha likanyang'anywa

Aprili 1815 mlima Tambora, katika kisiwa cha Sumbawa huko Indonesia, ulilipuka. Vumbi lake likafunika anga, na mwaka uliofuata Ulaya haikupata kiangazi. Ndiyo maana kundi la vijana wa Kiingereza waliopanga kando ya ziwa Geneva walishinda ndani kwa mvua, wakisomeana hadithi za mizuka, na Lord Byron akapendekeza kila mmoja atunge ya kwake. Katika kundi hilo alikuwamo msichana wa miaka 18, ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Mary Shelley, na daktari kijana, John Polidori.

Polidori alitupa The Vampyre, iliyochapishwa mwaka 1819. Mnyonya damu wake ni mwungwana wa majumba ya London, mtanashati, baridi, anayefanana mno na Byron mwenyewe. Tangu hapo mnyonya damu wa vitabu vya Ulaya akawa mtu wa tabaka la juu. Lakini Mary Shelley alifanya kubwa zaidi. Katika Frankenstein, ya mwaka 1818, alilichukua zimwi lililoshonwa kwa viungo vya maiti, akaliweka juu ya barafu mbele ya aliyelitengeneza, akaliruhusu lizungumze kwa sura kadhaa mfululizo. Linasimulia lilivyojifunza lugha kwa kuchungulia penye ufa wa kibanda, likiwatazama watu maskini wanaopendana. Linasimulia lilivyookota vitabu msituni, likamsoma Milton, likajifananisha na Adamu aliyetupwa na asiye hata na Hawa. Msomaji anafika hapo akiwa amekwisha kulichukia, na anapotoka hana tena uhakika ni nani wa kumchukia.

Naomba mzishike sura hizo akilini, kwa sababu waliofuata hawakuzishika. Filamu maarufu ya mwaka 1931 ililifanya zimwi hilo bubu la kuguna. Na hata kabla ya filamu, mlango ulikuwa umeshafungwa. Mwaka 1847, katika Jane Eyre ya Charlotte Brontë, kuna mke aliyefungiwa orofa ya juu ya jumba la Thornfield. Anaitwa Bertha Mason, anatoka Jamaika, na mali yake ndiyo iliyomtajirisha mumewe. Kila mtu anamsimulia, yeye hasimulii. Kinachotufikia ni kicheko chake nyuma ya ukuta, na maneno machache tunayoyapata kwa kinywa cha kaka yake. Ilibidi kusubiri mpaka mwaka 1966, Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, alipomwandikia riwaya yake, Wide Sargasso Sea.

Halafu Dracula, ya Bram Stoker, mwaka 1897. Tazameni jinsi kitabu hicho kilivyojengwa. Kina shajara za Jonathan Harker, wakili kijana aliyepelekwa Transylvania kumkamilishia mteja ununuzi wa nyumba. Kina barua za wasichana wawili, simu za maandishi, vipande vya magazeti, na kumbukumbu za Daktari Seward alizozinasa kwenye mitungi ya nta. Mina, mke wa Harker, anavipiga chapa vyote na kuvipanga kwa tarehe. Karibu kila mtu ana simulizi lake isipokuwa Dracula. Wanaomwinda ndio wenye mafaili. Sina jina jingine la kitabu hicho ila jalada la kesi ambayo mshtakiwa hakuitwa kutoa maelezo.

Hoja ya tatu: anayeingia nyumbani kwako kila siku huwezi kumwona zimwi tu

Sasa tufike kwenye luninga. Juni 1966, kituo cha ABC cha Marekani kilianza kuonyesha Dark Shadows, tamthilia ya mchana, ya kila siku ya kazi. Ilianza kama mtoto wa Jane Eyre: msichana yatima, Victoria Winters, anashuka kwenye treni kwenda kufundisha mtoto katika jumba la ukoo wa Collins. Watazamaji walikuwa wachache. Mwaka 1967 wakaingiza mnyonya damu, Barnabas Collins, aliyefunguliwa kutoka jeneza lenye minyororo. Alikusudiwa apite kwa muda mfupi kisha achomwe kigingi cha moyo kama desturi. Watu wakampenda. Wanafunzi wakawa wanakimbia kutoka shule wamuwahi. Tamthilia ikaendelea hadi Aprili 1971, ikipita sehemu 1,200.

Hapo kuna somo la ufundi. Mnyonya damu wa kitabu anaweza kukaa gizani kurasa 300 akaingia mara chache. Wa tamthilia ya kila siku hawezi. Lazima afungue mlango, aketi, aulizwe amelalaje. Mwandishi aliyeishiwa na matukio anaanza kumtafutia historia: alimpenda nani, alilaaniwa na nani, anajuta nini. Huruma ilizaliwa na ratiba. Hata huko nyuma ilikuwa hivyo: kati ya 1845 na 1847 Waingereza walinunua Varney the Vampire kwa peni moja kila wiki, na Varney alipoishi muda mrefu vya kutosha akaanza kujichukia, hadi akajitupa kwenye volkeno ya Vesuvius. Akina mama mnaofuatilia tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili mnalijua jambo hili vizuri kuliko mimi. Yule mkwe mkorofi mliyemlaani mwezi wa kwanza, mwezi wa nne mnamlilia.

Buffy the Vampire Slayer, iliyoonyeshwa kati ya 1997 na 2003, ilizifahamu kanuni hizo ikazipindua. Msichana aliyekuwa akikimbizwa kwenye kumbi za Radcliffe sasa ndiye mwindaji. Jumba la kale limekuwa shule ya sekondari ya California iliyojengwa juu ya kinywa cha jehanamu. Na mpenzi wake, Angel, ni mnyonya damu aliyerudishiwa roho kwa laana ili ateseke kwa kumbukumbu za aliowaua. Hapa waandishi walikuwa wakali, na ninawaheshimu kwa ukali huo. Hadithi za kilimbwende zilikuwa zimewafundisha wasichana kwa vizazi kwamba mapenzi yao yataweza kumtibu mwanamume mkatili. Mwanzoni mwa 1998, katika sehemu mbili zilizofuatana, Buffy anampa Angel mapenzi yake yote, na furaha ile ndiyo inayomwondolea roho. Asubuhi anazungumza naye mtu mwenye sura ileile na maneno ya kudhalilisha. Mtazamaji wa miaka 15 aliyeiona usiku ule alipata onyo lililo wazi kuliko mawaidha mengi.

Hoja ya nne: chumba cheupe

Nitataja sehemu moja tu ya tamthilia moja, kwa sababu ningependa mtu akiniuliza luninga imeongeza nini juu ya Mary Shelley nimwonyeshe hiyo. Penny Dreadful, iliyotungwa na John Logan, ilionyeshwa kati ya 2014 na 2016. Inawakutanisha London ya mwaka 1891 watu wa vitabu mbalimbali: Victor Frankenstein na kiumbe wake, Dorian Gray, Mina, na mwanamke mmoja ambaye hakuandikwa na mtu wa zamani, Vanessa Ives, anayewaniwa na nguvu za giza.

Msimu wa tatu, sehemu ya nne. Vanessa amekwenda kwa Daktari Seward. Yule Seward wa Stoker alikuwa mwanamume aliyejinasa sauti yake mwenyewe akiwazungumzia wagonjwa. Huyu ni mwanamke, na kinachoingia kwenye mitungi ya nta ni sauti ya mgonjwa. Badiliko dogo, lakini kwangu lina uzito wa kitabu kizima. Daktari anamrudisha Vanessa kwenye kumbukumbu ya hospitali ya wendawazimu alikofungiwa, na kwa takriban saa nzima hatutoki kwenye chumba kimoja cheupe chenye kuta za mito. Hakuna kasri, radi, wala popo. Kuna mwanamke aliyefungwa mikono, na mtumishi wa wodi anayemlisha kwa kijiko.

Mtumishi huyo anaigizwa na Rory Kinnear, mwigizaji yuleyule wa kiumbe cha Frankenstein. Polepole tunaelewa: huyu ndiye aliyekuwa kabla hajafa na kushonwa upya. Alikuwa na mke. Alikuwa na mtoto mgonjwa. Alimchana nywele mgonjwa aliyesahauliwa na kila mtu, akamletea kioo. Frankenstein alipomfufua, alifuta vyote hivyo. Mary Shelley alitupa zimwi lisilo na utoto. Logan alilirudishia maisha yake, na akamweka mke wa darini na zimwi la maabara katika chumba kimoja, wazungumze. Hawajawahi kukutana hivyo katika miaka mia mbili ya vitabu. Tena kiumbe huyo alikuwa amejichagulia jina la John Clare, mshairi mkulima wa Uingereza aliyeishi miaka zaidi ya 20 ya mwisho wake katika hospitali ya wendawazimu ya Northampton. Mtu asiyelijua jina hilo hapotezi kitu. Anayelijua anasikia ukuta mwingine ukiitika.

Kwa kupita tu, niitaje The Haunting of Bly Manor ya mwaka 2020, iliyotokana na hadithi za Henry James. Kuna sehemu nzima inayomweleza mzuka wa kike anayetoka ziwani kila usiku: alikuwa nani, nani alimuua, na jinsi anavyosahau jina lake na uso wake ukifutika kadiri anavyotembea. Katika James mizuka haielezwi. Nilikuwa na shaka kama ni haki kuieleza. Sehemu hiyo ilinishinda.

Hoja ya tano: kusema hakutoshi

Nimefika kwenye Interview with the Vampire, na kwenye ubishi wa mlangoni.

Anne Rice aliichapisha riwaya hiyo mwaka 1976, miaka michache baada ya kufiwa na binti yake mdogo kwa saratani ya damu. Wazo lake lilikuwa jepesi na kubwa: mnyonya damu, Louis, anakaa mbele ya mwandishi wa habari mwenye kinasa sauti, anasema yote. Jalada lile la Stoker hatimaye limepata maelezo ya mshtakiwa. Lakini Louis huyo wa mwaka 1791 ni nani? Ni mwenye shamba la mimea ya nili karibu na New Orleans, na anamiliki watumwa. Anasikitika usiku kucha kwa sababu ya damu anayokunywa, wakati mchana shamba lake linakunywa nyingine. Watumwa wamo katika riwaya; wanamshuku bwana wao, na wana akili ya kumshuku. Kinasa sauti hakikuelekezwa kwao.

Oktoba 2022 kituo cha AMC kilianza kuonyesha tamthilia mpya ya riwaya hiyo. Louis sasa ni mtu mweusi, mwaka 1910, mwenye madanguro katika mtaa wa Storyville, New Orleans. Mtaa huo ulikuwapo kweli: halmashauri ya jiji iliutenga mwaka 1897, na serikali ikaufunga mwaka 1917. Louis ana suti nzuri, ana mama wa kumtunza, ana fedha, na kila mzungu anayefanya naye biashara anamkumbusha mahali pake. Lestat, mzungu kutoka Ufaransa, anamwahidi nguvu. Anazipata. Anaweza kumrarua mtu kwa mikono. Hata hivyo mbele ya watu lazima ajifanye mtumishi wa mpenzi wake ili waketi pamoja kwenye jumba la opera. Kisha anamuua kiongozi mmoja mzungu wa jiji aliyemdhulumu, na katika hadithi wazungu wanalipiza kwa kuuchoma moto mtaa wa watu wasio na hatia. Kutoka kwenye moto huo anaokolewa msichana mweusi wa miaka 14, Claudia, ambaye Louis anamsihi Lestat amgeuze ili asife. Majuto ya Louis sasa yana anwani. Anajua nyumba zipi ziliungua kwa sababu yake.

Wazee wetu hapa mbele, niruhusuni niseme nanyi kidogo. Nyinyi mliokua mkitishwa kwa habari za mumiani mlikuwa na nadharia ya mnyonya damu kabla sisi hatujasoma ya Wazungu. Wakati wa ukoloni uvumi huo ulienea: mumiani huku kwetu, wazimamoto Nairobi na Kampala, batumbula kule Katanga. Mwanahistoria Luise White aliukusanya katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, akasisitiza tuusikilize kama ushahidi wa jinsi watu walivyouelewa utawala ule. Mumiani hakuwa mtanashati wa kasri. Alikuwa na gari, sare na mshahara. Hakupenda aliyemnyonya, hakumjua hata jina. Damu ilipelekwa mahali, ikafanyiwa kitu, mtu akalipwa. Polidori na Stoker walimfanya mnyonya damu mwungwana mwenye dhahabu, lakini wakamwacha aonekane ana kiu tu. Bibi zetu waliona kazi. Ndiyo maana niliitazama tamthilia hii ya Louis nikijihisi niko nyumbani: kwa mara ya kwanza mnyonya damu wa kigothiki anaulizwa maswali ya mumiani. Nani alikulipa? Kwa mali ya nani? Ulimpelekea nani?

Na anayeuliza yupo. Mahojiano ya mwanzo, ya mwaka 1973 huko San Francisco, yaliharibika. Sasa ni mwaka 2022, Louis anaishi juu ya mnara Dubai, na mwandishi yule, Daniel Molloy, ni mzee mwenye ugonjwa wa kutetemeka na hana muda wa kubembelezwa. Louis anasimulia kwa lugha tamu, Daniel anamkatiza. Siku ile mvua ilinyesha au haikunyesha? Mbona mwaka 1973 ulimweleza Lestat kwa namna nyingine? Anapewa shajara za Claudia azisome, anakuta kurasa zimechanwa, anataka kujua nani amezichana. Kufikia msimu wa pili, wa mwaka 2024, tunagundua kwamba hata Louis hana kumbukumbu zake zote. Armand, mwenzi wake wa miaka mingi, amezichezea.

Wale ambao hawajamaliza msimu huo wanisamehe, siwezi kuliruka tukio la Paris. Claudia, aliyeandika shajara maisha yake yote, anapandishwa jukwaani katika ukumbi wa wanyonya damu na kuhukumiwa mbele ya watu waliokata tiketi. Watu hao wanadhani ni mchezo. Wanacheka penye kuchekesha, wanazomea penye kuzomea. Mashtaka yameandikwa kama mswada, mashahidi wana mistari ya kukariri, na mwisho jua linaachiwa limwangukie. Mtu aliye kwenye kochi lake akila njugu analazimika kujiuliza yuko safu ya ngapi. Tangu Otranto mpaka leo sijaona gothiki ikimgeukia mtazamaji wake kwa uso mkavu namna ile.

Vijana wa mlangoni, mliuliza nani mkatili zaidi. Lestat alimwumiza Louis mbele ya macho yetu. Armand alimwumiza, kisha akamwondolea kumbukumbu ya kuumizwa. Mimi namtaja Armand, na sababu yangu imo katika kila nilichokisema tangu Bertha Mason. Kumfungia mtu darini ni ukatili. Kumwachia asimulie hadithi uliyokwisha kuichana kurasa ni ukatili wa aina nyingine, na ni mgumu zaidi kuutambua, kwa sababu mtu mwenyewe anazungumza na tunaona amepewa uhuru.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosifu kila tamthilia mpya kwa kuwa imempa zimwi sauti. Ziko nyingi zilizompa sauti ili tumpende tu. Mnyonya damu wa namna hiyo ni kijana mzuri mwenye huzuni machoni, anasoma shule ya sekondari akiwa na umri wa miaka 160, na waliokufa kabla hatujamjua wanabaki kuwa pambo la huzuni yake. Jumba ni lilelile, mali ni ileile, na swali la Otranto halipo tena.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nakaribia kukaa.

Kwetu hadithi hii haina haja ya kuletwa na meli. Said Ahmed Mohamed aliandika Babu Alipofufuka mwaka 2001, na babu huyo harudi kutisha watoto; anarudi kumtoa mjukuu mwenye cheo na raha zake, amtembeze aone watu walivyoachwa. Tuna majumba ya Lamu na Mji Mkongwe yenye ghorofa zilizofungwa na kesi za mirathi zilizowashinda makadhi watatu. Tuna waandishi wa tamthilia wanaolipwa kuandika sehemu tano kwa wiki, na nimeonyesha kwamba ratiba ya namna hiyo inaweza kuzaa jambo kubwa. Wanachokosa ni mafaili.

Kwa hiyo nina ombi, nalo ni la kazi. Wanafunzi, kabla ya mkutano wetu wa mwezi ujao, kila mmoja amtafute mzee mmoja amweleze habari ya mumiani kama alivyoisikia yeye. Msiishie kwenye hadithi. Ulizeni gari lilikuwa la rangi gani, liliegeshwa wapi, nani katika mtaa alikuwa na ajira kwa Wazungu wakati huo, nani alisemekana ametoweka, na nyumba yake leo anakaa nani. Mzee akijipinga, andikeni vyote viwili. Akinyamaza mahali, andikeni ni mahali gani. Nimeacha daftari kubwa mezani karibu na mlango. Andikeni majina yenu na vijiji mtakavyokwenda, na wazee waliomo humu ambao wako tayari kuhojiwa usiku huuhuu, nitabaki hapa na kinasa sauti mpaka mlinzi atakapotaka kufunga.